CAREY FRANCIS: MWANAHISABATI ALIYEINAMA KUFUNDISHA MOJA NA MOJA

  

Mwaka huu tuliambiwa kila mwanachama aandike juu ya maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Wenzangu wengi walikimbilia wafalme, mashujaa wa vita na wanasiasa. Mimi nimemchagua mwalimu wa hesabu. Najua kuna mtu ameguna tayari na yuko tayari kufungua ukurasa wa vichekesho. Ngoja kwanza, ndugu yangu! Usimpige chura teke kabla hujajua anaruka wapi. Huyu mwalimu ana habari, na habari yake ilinifikia nikiwa nyumbani kwetu hapa Kinakomba, chini ya mwembe, siku mdogo wangu alipolia.

Ilikuwa hivi. Sisi wanafunzi wa shule ya kutwa, kama mjuavyo, hatuna bweni. Kengele ya jioni ikilia tunashika njia kurudi nyumbani, na huko tunakuta kazi zinatungoja: maji, kuni, na wadogo zetu. Mdogo wangu yuko Gredi ya kwanza, ile ambayo wazazi wetu waliita darasa la kwanza. Jioni hiyo alikuja na daftari lililojaa alama za mkasi. Kila alipoulizwa aandike kumi na mbili, yeye aliandika 102. Kumi na tano akaandika 105. Kumi na nane, 108. Alikuwa amekosa zote, na alikuwa analia kwa kwikwi.

Mimi nilimkaripia. Nasema kweli, nilimwambia hana akili. Nilijiona hodari kwa sababu katika hesabu mimi si haba. Babu yetu alikuwa ameketi kwenye mkeka akisuka kamba. Akaninyamazisha kwa mkono, akamwita mtoto, akamkalisha karibu naye. Akamtuma akusanye vijiti. Wakahesabu kumi, babu akavifunga kwa ukamba wa mgomba vikawa fungu moja. Kisha akaweka vijiti viwili pembeni, havikufungwa. Akamwuliza mafungu ni mangapi. Moja. Vilivyobaki ni vingapi? Viwili. Basi andika moja, halafu andika mbili. Mtoto akaandika 12. Akakiangalia kile alichoandika, akamtazama babu, akacheka huku machozi bado yako shavuni.

Lo! Nilijisikia mdogo kama sisimizi. Kumbe mtoto hakuwa mjinga. Alikuwa ameandika alichosikia masikioni. Anasikia kumi, anaandika 10. Anasikia na mbili, anaongeza 2. Ukiyaweka pamoja unapata 102. Kosa lake lilikuwa na akili ndani yake, ila mimi sikuiona.

Nikamwuliza babu alijifunza wapi mambo haya. Akasema ni shuleni, enzi za mkoloni, na kwamba hesabu zake za kwanza alizipata katika kitabu kilichoitwa Hesabu za Kikwetu. Kurasa zake amezisahau, lakini jina la kitabu hajalisahau hata leo. Mwandishi naye alikuwa Mzungu mmoja jina lake Carey Francis. Kesho yake nilimwuliza mwalimu wetu, na hapo ndipo nilipoanza kumfuata mtu huyu, kutoka alikozaliwa hadi alikofia.

KIJANA WA LONDON

Edward Carey Francis alizaliwa London, Uingereza, mwaka wa 1897. Alisoma huko huko, na tangu utotoni alionyesha kipaji katika masomo na katika mpira wa miguu. Kabla hajaanza chuo kikuu, Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimewaka. Vijana wa rika lake walipelekwa vitani kwa maelfu, naye akaenda, akatumikia katika kikosi cha mizinga. Wengi wa rika lile hawakurudi. Yeye alirudi.

Vita vilipokwisha aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge, katika koleji iitwayo Trinity, akasoma hisabati. Hapo ndipo nyota yake ilipong'aa. Alifaulu kwa kiwango cha juu kabisa, akafanywa mhadhiri katika koleji nyingine ya Cambridge iitwayo Peterhouse. Mwaka wa 1928 kilichapishwa kitabu cha mazoezi ya hisabati alichokiandika pamoja na J. E. Littlewood, ambaye ni mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Uingereza katika karne ya ishirini. Kitabu hicho kilihusu mifululizo isiyo na mwisho.

Pengine unajiuliza mfululizo usio na mwisho ni mdudu gani. Wacha nikueleze kwa embe, maana sisi hapa mtoni hatukosi embe. Chukua nusu ya embe, weka kwenye sahani. Ongeza nusu ya nusu, yaani robo. Halafu ongeza nusu ya robo. Halafu nusu ya hiyo tena. Endelea hivyo bila kukoma. Hata ukiongeza milele, embe lile halitazidi moja, ila litazidi kulikaribia. Hayo ndiyo mambo aliyokuwa akiyafikiria Bwana Francis kule Cambridge. Alikuwa na kazi ya heshima, chumba chake, maktaba kubwa, na wenzake wenye vichwa vizito kama yeye. Angeweza kukaa pale hadi uzee, na hakuna ambaye angemlaumu.

Hakukaa. Mwaka ule ule wa 1928 aliacha yote, akajiunga na shirika la kimisionari la Church Missionary Society, akapanda meli kuja Kenya. Alikuwa na umri wa miaka kama thelathini na mmoja hivi. Fikiria wenzake walivyoshangaa! Mtu anayeandika vitabu pamoja na Littlewood anakwenda kufundisha shule ya misheni katika koloni la mbali. Wengi bila shaka walidhani akili imemruka.

MASENO

Alipelekwa Maseno, huko Nyanza, karibu kabisa na pale mstari wa Ikweta unapopita. Shule ya Maseno ilianzishwa na wamisionari mwaka wa 1906. Bwana Francis akawa mwalimu mkuu wake tangu 1928 hadi 1940. Ikumbukwe kwamba wakati ule Maseno haikuwa shule ya upili tunayoijua leo. Wanafunzi wengi walikuwa wa madarasa ya chini, na nje yake zilikuwako shule ndogo ndogo za vijijini ambamo mwalimu mwenyewe alikuwa amesoma miaka michache tu.

Hapo mwanahisabati wa Cambridge akakutana na swali ambalo hakuwahi kupewa Cambridge: mtoto ambaye hajawahi kushika kalamu, utamfundishaje tatu na mbili ni tano?

Wasomaji, msidharau swali hili. Sisi tunaona ni jambo jepesi kwa kuwa tulilipita zamani, tukasahau tulivyolipita. Mtoto wa mwaka wa kwanza anaweza kutaja moja, mbili, tatu hadi kumi kama wimbo, na bado asijue kuhesabu. Mpe maembe sita uone. Anaimba haraka kuliko mkono wake, embe moja analigusa mara mbili, jingine analiruka, mwisho anakuambia ni manane. Lazima kwanza ajifunze kwamba kila neno linakwenda na kitu kimoja tu. Kisha ajue kwamba neno la mwisho alilotaja ndilo jumla ya vyote. Kisha ajue kwamba ukivitawanya au ukivirundika, bado ni sita. Baada ya hapo ndipo aonyeshwe ile alama 6. Ukianza na alama ukutani kabla ya vitu mkononi, umejenga nyumba kuanzia paa.

Jambo lingine lilikuwa vitabu. Vitabu vya hesabu vya Uingereza viliandikwa kwa mtoto wa Uingereza. Huko shilingi moja ilikuwa peni kumi na mbili, na shilingi ishirini ndizo pauni moja. Lakini hapa kwetu, tangu mwaka wa 1921, tulikuwa na shilingi ya Afrika Mashariki, na shilingi hiyo ilikuwa na senti mia moja. Sasa mtoto wa Nyanza au wa Tana apewe hesabu ya peni, akitoka shuleni aende dukani akute senti! Si atachanganyikiwa? Atadhani hesabu ni uchawi wa darasani ambao hauna kazi nje ya mlango.

Basi Bwana Francis akaketi akaandika vitabu vya hesabu kwa ajili ya shule za Waafrika. Vile vya Kiingereza viliitwa Highway Arithmetics, na cha Kiswahili ndicho hicho Hesabu za Kikwetu alichokitaja babu. Vilichapishwa na kampuni ya Longmans, vikatumika Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Mtu ambaye kitabu chake cha kwanza kilikuwa cha wasomi wa chuo kikuu, vitabu vyake vilivyofuata vilikuwa vya watoto. Wazee wengi waliosoma kabla ya uhuru, ukiwatajia jina Carey Francis, hawakumbuki Cambridge wala Littlewood. Wanakumbuka kujumlisha na kutoa.

Mimi nalipenda sana lile jina la kitabu. Kikwetu! Yaani hesabu si mali ya wageni, ni jambo la kwetu. Na sisi wa Chama cha Kiswahili tunapaswa kulishangilia, kwa sababu lugha yetu kweli inasaidia hesabu. Angalia: Mwingereza ana neno lake la 11 na neno lake la 12, na ndani yake huwezi kuona kumi wala moja. Sisi tunasema kumi na moja, kumi na mbili, kila kitu kiko wazi kama maji ya kisima. Mtoto akishajua moja hadi kumi, amepata mpaka kumi na tisa bure. Tatizo linaanza ishirini, maana ishirini, thelathini na arobaini zilitoka Kiarabu na hazionyeshi kwamba ni makumi mawili, matatu na manne. Hapo ndipo mwalimu anapohitaji yale mafungu ya vijiti. Hata hivyo, uwazi huo huo wa kumi na mbili ndio uliomponza mdogo wangu akaandika 102. Kila chema kina dosari yake.

ALLIANCE

Mwaka wa 1940 Bwana Francis alihamishiwa Shule ya Upili ya Alliance, kule Kikuyu, akawa mwalimu mkuu. Shule hiyo ilikuwa imefunguliwa mwaka wa 1926 na umoja wa makanisa ya Kiprotestanti. Alikaa hapo miaka ishirini na miwili, hadi 1962.

Katika miaka hiyo kulikuwa na walowezi waliodai kwamba Mwafrika afundishwe useremala na ukulima tu, eti kichwa chake hakiwezi masomo ya juu. Bwana Francis hakubishana nao kwa maneno mengi. Aliwaingiza vijana wake katika mtihani wa Cambridge, mtihani ule ule waliofanya vijana wa Kizungu, na vijana wakafaulu mwaka baada ya mwaka. Hesabu haijui rangi ya mtu. Jibu likiwa sawa ni sawa, awe amelipata Mluo, Mkikuyu, Mgiriama, Mpokomo au Mwingereza.

Ingawa alikuwa mwalimu mkuu, hakuacha chaki. Aliendelea kuingia darasani kufundisha hisabati yeye mwenyewe. Mpira wa miguu aliupenda mno. Mke hakuwa naye, wala mtoto wa kumzaa. Shule ndiyo iliyokuwa nyumba yake, na wanafunzi ndio waliokuwa watoto wake.

Waliopita mikononi mwake ni wengi. Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa rais wa kwanza wa Kenya, alisoma Maseno wakati wake. Ronald Ngala, mwana wa Pwani hii yetu, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa kiongozi, alisoma Alliance. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka wa 2025, alisoma Alliance kuanzia 1955 hadi 1958, na baadaye aliandika kitabu kizima juu ya miaka hiyo.

Miaka hiyo ilikuwa ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka wa 1952. Ndani ya uzio wa shule kulikuwa na masomo, mpira na sala. Nje ya uzio kulikuwa na bunduki. Ngũgĩ alipofunga shule muhula wake wa kwanza, alirudi nyumbani akakuta kijiji chao hakipo tena, watu wamehamishwa kwa nguvu. Kaka yake alikuwa msituni na wapigania uhuru. Hebu mwanafunzi mwenzangu jiweke hapo: unabeba ripoti nzuri ya shule mkononi, na hujui mlango wa kwenu uko wapi. Sisi tuliokumbwa na mafuriko ya Tana mwishoni mwa 2023 na tena 2024 tunaweza kuonja kidogo uchungu huo. Mimi daftari zangu zote zilikwenda na maji. Lakini maji hayana nia mbaya. Serikali iliyobomoa vijiji vya watu wake ilikuwa na nia.

KASORO ZAKE

Sitaki kumchora Bwana Francis kama malaika. Binadamu hakosi kasoro, na mwandishi anayeficha kasoro anamdanganya msomaji.

Kwanza, alikuwa mkali sana. Enzi zile kiboko kilikuwa kitu cha kawaida shuleni, naye hakuwa mtu wa kuona kosa akalinyamazia. Leo kiboko kimepigwa marufuku katika shule za Kenya tangu 2001, na mimi nasema afadhali, maana mdogo wangu hangeelewa 12 kwa kuchapwa.

Pili, alikuwa Mwingereza wa zama za ukoloni. Alikuja akiamini kwamba yeye ndiye wa kuonyesha njia na Mwafrika ndiye wa kufuata. Aliwapenda wanafunzi wake, lakini kupenda mtu si sawa na kumwona sawa nawe. Haya ni mambo mawili, na wazee wetu waliodai uhuru walilijua hilo.

Tatu, na hili linanigusa mimi kama msichana, shule zake kubwa zilikuwa za wavulana. Shule ya wasichana kule Kikuyu, ambayo sasa ni Alliance ya wasichana, ilianza mwaka wa 1948, yaani miaka ishirini na miwili baada ya ile ya wavulana. Toa mwenyewe uone. 1948 kutoa 1926. Ni wasichana wangapi wenye vichwa vya hesabu walioolewa katika miaka hiyo ishirini na miwili bila kushika kitabu? Hesabu hiyo hakuna wa kuifanya.

PUMWANI

Sasa nafika mahali ambapo mimi niliposoma nilifunga kitabu nikakaa kimya.

Mwaka wa 1962 Bwana Francis alistaafu Alliance. Alikuwa na miaka sitini na mitano. Wanafunzi wake walikuwa wanakaribia kushika serikali, na uhuru wenyewe ulifika tarehe 12 Desemba 1963. Angeweza kurudi kwao Uingereza apumzike. Au angeweza kukaa hapa Nairobi akiwatembelea wakubwa aliowafundisha, akinywa chai na mawaziri. Badala yake alikwenda Pumwani, mtaa wa watu wa kipato cha chini Nairobi, akafundisha katika shule ya upili ya huko. Na hakwenda kuwa mwalimu mkuu. Alikwenda kuwa mwalimu wa kawaida, chini ya mwingine, mwenye kipindi chake na chaki yake kama walimu wetu hawa.

Aliendelea kufundisha hapo hadi alipofariki mwaka wa 1966. Wanafunzi wake wa zamani, baadhi yao wakiwa viongozi wa taifa jipya, walikuja kumzika.

BAADA YAKE

Vitabu vyake navyo vilikuwa na siku zao. Kuanzia 1962 wataalamu kutoka Afrika na Marekani walikutana Entebbe, Uganda, kuandaa hisabati mpya, ile yenye seti na alama nyingi. Kenya ikaifuata. Wazazi wengi walilalamika kwamba watoto wanajua seti lakini wakitumwa dukani hawawezi kuhesabu chenji. Mwaka wa 1981 Rais Moi akaiondoa hisabati hiyo mpya katika shule zetu. Baadaye ukaja mtaala wa 8-4-4 mwaka wa 1985, na sasa umekuja mtaala wa umilisi, ambao ndio anaosoma mdogo wangu.

Mitaala huja na kwenda kama maji ya Tana, mara yanajaa mara yanakupwa. Lakini mtoto wa mwaka wa kwanza ni yule yule. Anakuja na vidole vyake kumi na masikio yake mawili. Anataka mtu wa kuketi naye, ampe kitu mkononi, na akikosea atafute kosa limetoka wapi kabla hajamwita mjinga.

Nimalizie kwa jambo langu binafsi, halafu niwaache. Muhula uliopita tuliulizwa darasani kila mtu anataka kuwa nani. Wenzangu wakataja daktari, rubani, mhandisi. Mimi nikasema nataka kuwa mwalimu wa watoto wa mwaka wa kwanza. Darasa zima liliangua kicheko. Rafiki yangu mmoja akanifuata nje akanisihi nisitupe alama zangu za hesabu kwa kwenda kupangusa watoto makamasi. Sikuwa na jibu siku ile. Nilinyamaza tu, na nyumbani sikumwambia mtu.

Leo jibu ninalo. Kama kichwa kilichoandika vitabu pamoja na Littlewood hakikuona haya kuandika tatu na mbili, mimi wa Kinakomba nitaona haya gani? Wale wanaofikiri kwamba mwalimu mwenye akili kidogo ndiye wa kupewa watoto wadogo, wamegeuza hesabu juu chini. Mtoto akikosea hesabu ya kidato cha tatu, ataipata kesho kitabuni. Mtoto akiambiwa hana akili akiwa na miaka sita, anaweza kuliamini neno hilo hadi uzeeni. Nami nusura niwe ndiye niliyelisema.

Mdogo wangu sasa anahesabu mpaka mia. Vijiti vyake amevifunga mafungu kumi, amevitia katika mfuko na hakubali mtu aviguse, hata mama alipovitaka kuwashia moto. Juzi aliniuliza baada ya mia kuna nini. Nikamwambia kuna mia na moja. Akauliza, na baada ya hiyo? Nikamjibu. Akauliza tena, na baada ya hiyo? Nikaona mtoto huyu ameanza mwenyewe ule mfululizo usio na mwisho.

Babu alikuwa anasuka kamba yake. Hakusema kitu. Alicheka tu.

Wasalaam.
Mwanachama wenu, Kidato cha Tatu.